Mkaguzi wa Chumvi

Nyinyi mlioshika mwiko juzijuzi, najua mnachokitafuta kwangu. Mnataka siri ya ugali wa watu mia nne usio na madonge. Nitawapa, wala siuzi. Lakini kwanza niwaambie swali dogo lililonishinda mimi, mpishi mkuu wa shule ya bweni huku Serengeti, mbele ya mkuu wangu, na nywele zangu zikiwa zimeshaota mvi.

Siku zangu za mwisho kazini, mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mama mpole, mwenyeji wa Iringa, serikali ilimleta kwetu akatuzoea na vumbi letu.

"Mzee Matiko," akasema, "siku ya kukuaga hutagusa sufuria. Watapika vijana wako. Wewe tuambie tu unachopenda kula."

Nikatazama dari, nikatazama kalenda ukutani.

"Chochote, mwalimu."

"Chochote si chakula, mzee."

"Basi mnachopenda ninyi."

Wakapika pilau. Nilikula vijiko viwili, nikamgeukia kijana aliyepika nikamwambia iliki imezidi, halafu chumvi imepungua kidogo. Watu wakacheka, wakasema huyu mzee hastaafu huyu. Nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani Turwa, kule Tarime, na ule mwiko walionizawadia umesimama kwenye kona ya sebule mrefu kama mgeni asiyetaka kukaa, lile swali lilinirudia. Mtu mzima, nimepika tangu ujana wangu, sijui ninachopenda kula. Niliona aibu hasa.

Sasa msije mkadhani nilizaliwa hivyo. Nilifundishwa. Aliyenifundisha ni Mzee Wambura, mtu wa Issenye, mfupi, mikono imeungua mpaka haina kinyweleo hata kimoja. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu nilipoajiriwa. Siku ya kwanza alinipa maharage nionje, nikasema, "Matamu, mzee, nayapenda." Akaninyang'anya upawa.

"Mura, kijana, nani amekuuliza unapenda? Hapa hakuna napenda. Kuna imeiva na haijaiva. Ukionja, unaonja kwa niaba ya wale mia nne. Mdomo wako uache nyumbani."

Nikauacha nyumbani kweli. Shida ni kwamba baadaye hata nyumbani sikuukuta.

Kuonja nako kuna kanuni zake, ziandikeni. Usionje ukiwa umetoka kunywa chai ya sukari. Dondosha mchuzi mgongoni mwa mkono, usilambe upawa, mia nne wanakula baada yako. Onja mara moja, onja mara ya pili. Mara ya tatu mwite mwenzako, kwa sababu ulimi wa mpishi ukichoka unadai chumvi hata kama imetosha. Na ukiwa na mafua, sema. Mimi sikusema. Nilikuwa kijana, nikaogopa kuonekana goigoi. Nikatia chumvi kwenye maharage, sisikii kitu. Nikaongeza. Bado. Nikaongeza tena mpaka nikaisikia vizuri, nikafurahi. Mwalimu wa zamu, ambaye kwa utaratibu huonja kabla ya wanafunzi, alitia kijiko kimoja mdomoni akaenda moja kwa moja kwenye bomba. Mzee Wambura hakunifokea. Alinichemshia sufuria nyingine ya maharage yasiyo na chumvi, tukachanganya nusu kwa nusu, watoto wakala maharage hayohayo siku mbili. Wewe ukiharibu usiombe viazi vikusaidie kunyonya chumvi kama wanavyosimuliana watu. Viazi vitakula chumvi yao na ya kwako itabaki palepale.

Ugali, basi, nisiwacheleweshe. Maji yachemke hasa, siyo yale ya kutoa moshi kidogo. Tengeneza uji kwanza, uache uive mpaka uanze kukurukia mikononi. Ndipo unga uingie, kwa pembeni, kidogo kidogo, na wasongaji wawe wawili wanaotazamana, mmoja akivuta mwenzake anasukuma. Wakinuniana siku hiyo, ugali utakuwa na madonge, nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Maharage yachambueni mchana kwenye mwanga, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, mkiiweka mapema yatagoma kuiva na kuni zitaisha. Siku hizi mna jiko banifu, wengine mna gesi, hamkohoi kama tulivyokohoa kwenye mafiga. Nawaonea wivu kidogo, nisiwadanganye.

Haya, nyumbani.

Mke wangu anaitwa Bhoke, lakini mimi namwita Mama Gati kwa jina la binti yetu mkubwa. Miaka yote ya kazi mimi niliishi shuleni, nikarudi Turwa likizo. Na sisi tulikuzwa hivi: jiko la nyumbani ni la mama. Mwanamume wa Kikurya akionekana anakoroga chungu kwenye mji wake, wenzake watakuja na nyuso za msiba kuuliza mkewe amepatwa na nini. Kule shuleni ilikuwa kazi, ina mshahara na koti jeupe, hakuna aliyenicheka. Lakini Turwa nilikaa sebuleni nikaletewa. Mama Gati aliweka ugali wa mtama na muhogo, akaweka mboga, akasimama mlangoni kusubiri. Mimi nikaonja. Nikameza. Nikasema, "Chumvi imepungua kidogo." Siku nyingine, "Imezidi kidogo."

Sikuwa nagomba, wallahi. Ndivyo nilivyoongea na chakula. Angekuwa Wambura angenijibu, "Ongeza basi," tukaendelea. Lakini yeye hakuwa Wambura. Aliacha kusubiri mlangoni. Akawa anaweka sahani anatoka nje, na mimi katika ujinga wangu nikaona ni heshima, ananiachia nafasi nile.

Nilipostaafu, likizo ikawa haina mwisho, na chumvi nayo ikawa ya kila siku, asubuhi na jioni. Mwezi wa pili haujaisha, Gati akajifungua. Anaishi Manchira, mumewe anafanya kazi ya maji huko kwenye bwawa. Mama yake akafunga mzigo kwenda kumkanda na kumlea. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamuuliza kwa utani, "Utarudi lini, Mama Gati? Nitakula nini mimi?"

Hakutania.

"Baba Gati," akasema, "mimi nimechoka kumpikia mkaguzi. Nitarudi nikisikia hamu."

Akapanda bodaboda, mzigo mapajani, hakugeuka.

Nilisimama pale barabarani muda mrefu. Niliogopa, vijana wangu. Nilimwogopa mwanamke ambaye angeweza kukaa Manchira na mjukuu wake akaona hana sababu ya kurudi. Na nilijiogopa mwenyewe, kwa sababu nilipojaribu kukumbuka chakula kimoja tu cha mkono wake nilichokipenda, ili nikampigie simu nimwambie, nilikumbuka chumvi peke yake.

Kwanza nilidhani ni ugonjwa. Nikaenda zahanati. Nesi, binti wa Kipare aliyehamishiwa kwetu, akaniamkia, "Shikamoo babu," akaniambia nitoe ulimi. Akautazama na tochi, akaniwekea chumvi, sukari, na kipande cha limao alichokuwa nacho kwenye chai yake. Vyote nikavitaja.

"Babu, ulimi wako mzima kuliko wangu."

"Mbona sitamani kitu?"

"Hilo sina kidonge chake," akasema, akanipa mkono nikaenda zangu.

Siku nne niliishi kwa mandazi na ndizi za kununua. Siku ya tano tumbo lilikataa. Nikafunga mlango wa mbele, nikaingia jikoni kwa mke wangu kwa mlango wa nyuma kama mwizi.

Mcheke sasa, ruksa. Mpishi mkuu mstaafu, aliyelisha shule nzima, alishindwa kupika ugali wa mtu mmoja. Mkono wangu haukujua kidogo. Nilichochea kuni za kuchemshia pipa, maji ya kisufuria kile yakakauka kabla sijafungua unga. Nikaongeza maji, yakazidi. Nikaongeza unga, ukazidi. Kila nikirekebisha chakula kinakua. Mwisho nilikuwa na ugali wa watu saba na mwiko mdogo umevunjika mkononi. Na moshi umetoka kwa juu, Turwa nzima inauona.

Chacha, jirani yangu na rika langu, akasimama kwenye ua.

"We mura! Mama Gati karudi?"

"Hajarudi."

"Sasa huo moshi wa nani?"

"Nafukiza mchwa," nikasema.

Akanusa. "Mchwa wako wananukia ugali, wameungua kidogo." Akaingia bila kukaribishwa, akaangalia ile sufuria, akaniangalia mimi, na masizi usoni. Nilisubiri anicheke mpaka kesho. Akavuta kigoda. "Mboga iko wapi?" akauliza. Haikuwepo. Akaenda kwake akaleta maziwa ya mgando, tukala wawili, na uliobaki akawapelekea mbwa wake. Hakusema kwa mtu, mpaka leo. Ama alisema, lakini sikusikia.

Nilipoona uliobaki unaenda kwa mbwa ndipo hamu iliponijia. Haikuwa ya nyama wala pilau. Nilitaka mboga ya mgagani, ile wanawake wa sokoni Tarime wengi wanaiita chinsaga, ile chungu. Niliitaka kwa namna ya kukasirika, kama mtu aliyepotelewa na kitu chake. Mama Gati alikuwa akiipika karibu kila juma na mimi nilikuwa nikiionja chumvi. Sasa mate yalinijaa nikiwa nimesimama uani peke yangu, na niliona furaha ambayo siwezi kuwaeleza. Kumbe nilikuwa bado na mdomo.

Nikatafuta nyuma ya nyumba, ikawepo, imejiotea karibu na zizi. Nikachuma, nikachemsha, nikaunga kwa kitunguu kama sukuma wiki. Nikatia mdomoni. Chungu kama dawa ya malaria. Nikapiga simu Manchira.

"Shikamoo baba," akapokea Gati.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo? Nipe mama yako."

Ikaja sauti ya Mama Gati. "Kuna nini?"

"Mama Gati, mgagani unatolewaje uchungu?"

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Jikoni kwako."

Nikasikia anamwambia mtu pale pembeni, "Hebu mshike mtoto." Halafu akasema taratibu, "Umemwaga maji ya kwanza?"

"Sikumwaga."

"Mwaga. Chemsha tena, mwaga. Tia maziwa, moto uwe mdogo, usikoroge sana. Funika. Halafu uache ulale mpaka kesho. Kesho uongeze maziwa kidogo, upashe. Usiule leo, Baba Gati. Leo utakuchafua roho."

"Na chumvi?"

Nilisikia pumzi yake. "Chumvi weka utakavyo," akasema, akakata.

Nilifanya kama alivyosema. Kusubiri mpaka kesho ndiyo ilikuwa kazi ngumu, maana mimi nimezoea kengele, saa saba kamili chakula kiwe kwenye foleni. Kesho yake mchana nikapasha, nikakaa kwenye kigoda chake, siyo sebuleni. Nikatia tonge. Uchungu ulikuwepo bado, umetulia chini ya maziwa. Nilikula mpaka nikafuta bakuli kwa kidole, na nilipomaliza nikagundua sijakumbuka chumvi. Sijui hata kama niliweka. Machozi yalinitoka, wala sikuyazuia, nani alikuwepo?

Wiki zilizofuata nilikuwa kama mtu anayefungua sanduku la zamani. Niligundua chai naipenda bila sukari. Pilau siipendi na sijawahi kuipenda, samahani kwa walionipikia. Napenda kukaa asubuhi kwenye ukingo wa shamba kuangalia mahindi kabla jua halijapanda, bila kufanya kitu. Redio ya Chacha siipendi, nikamwambia, akaipunguza. Kila nilipogundua kimoja nilipumua. Ni mambo madogo haya, lakini ni yangu, na nilidhani yalikufa.

Lakini mwenye lile jiko alikuwa bado Manchira. Sikumpigia tena kumwambia rudi. Nilipiga kuuliza upishi tu. Mlenda, simu. Dagaa, simu. Gati akaniambia baadaye kuwa mama yake alianza kukaa na simu mapajani saa za mchana.

Akarudi bila kuniarifu. Nilisikia bodaboda, nikatoka na mikono ina masizi. Ameshuka na mzigo wake na samaki wakavu kwenye gunia dogo. Akatazama mikono yangu. Nikambebea mzigo, nikamwambia akae sebuleni, kwenye kiti changu. Nikaleta maji anawe. Nikaleta ugali, wa watu wawili kamili, na mgagani uliolala. Nikasimama mlangoni.

Mjue mlango ule ni mbali sana na meza. Sikuwahi kujua.

Alikula matonge matatu, akanawa.

"Umepika vizuri," akasema.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, nilikula kwa Gati."

"Mama Gati. Naipenda mboga hii. Nilikuwa sijui. Naipenda sana, na nilipaswa kukuambia tangu ujana wetu."

Alinitazama, mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi siipendi," akasema. "Tangu nikiwa msichana siipendi. Inanikwama hapa."

"Sasa miaka yote hiyo?"

"Mama yako. Siku mliyonileta hapa, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mgagani. Akasema, huyu mwanangu hasemi, lakini hii ndiyo anayoipenda. Basi nikawa napika. Nakusubiri useme. Wewe unasema chumvi."

Nilikaa chini, kwenye mkeka, kando ya kiti changu mwenyewe. Marehemu mama yangu alikuwa na jibu la lile swali la mkuu wa shule, alimpa mke wangu alitunze, na mke wangu akalitunza kwa mboga inayomkwama kooni.

"Na wewe unapenda nini?" nikamuuliza. Sikuwa nimemuuliza kamwe, naapa.

Hakutazama dari kama mimi. Alijibu hapohapo. "Maharage."

"Maharage gani?"

"Yako. Ya shuleni. Ulikuwa ukirudi likizo shati linanukia moshi na maharage na kitunguu, mimi nalifua polepole. Hukuniletea hata siku moja."

"Chakula cha shule hakipiti getini, Mama Gati. Mzee Wambura angenifukuza. Ningekuwa mwizi."

"Sikusema uyaibe. Nasema hukunipikia."

Asubuhi yake nilichambua maharage kwenye mwanga, jirani zangu wote wakiniona, nimekaa uani na ungo mapajani. Chacha alipita, akasema, "Mchwa wamerudi?" nikamwambia hapana, leo napika. Nikayachemsha mpaka yakalainika, nikaunga kwa kitunguu kingi, nikatia chumvi mwisho kabisa. Nikadondosha mgongoni mwa mkono, nikaonja mara moja, mara ya pili, na ya tatu sikuonja, kwa sababu mwenzangu alikuwepo wa kumwita.

Nikampelekea sebuleni. Akachukua kijiko, akala kimoja, akafumba macho. Akala cha pili. Mimi nimesimama mlangoni kama siku ya kwanza mbele ya Mzee Wambura.

Mama Gati akaweka kijiko chini taratibu, akanitazama.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

Nikaenda kuichukua, nikarudi na sahani yangu, tukala pamoja.